Boksi la Vitabu: Kutoka Samora hadi Muheza

Jumatatu, Dar es Salaam

Nimeingia dukani Samora saa tatu asubuhi, laki nne na elfu sabini zikiwa kwenye bahasha ndani ya mkoba. Fedha hizo ni mchango wa wazazi, wanafunzi wetu wa zamani na walimu wenzangu watano. Kazi niliyotumwa ni moja: kurudi Muheza na vitabu vya Kiswahili vya kusomwa kwa hiari, visivyo vya mtihani, vilivyoandikwa na watu wa kwetu na kuchapishwa hapa nchini. Likizo ya Juni ni fupi, na chumba tulichokisafisha kiwe maktaba kina rafu mbili tupu.

Duka bado linaitwa TPH, na jina hilo lina historia. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966 ikiwa shirika la umma. Mwaka 1972 ilitoa, kwa kushirikiana na wachapishaji wa London, kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney alikuwa akifundisha Chuo Kikuu hapo Mlimani. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kitabu kile kilitoka Ulaya na kuletwa kwetu. Siku niliyoona neno “Dar es Salaam” kwenye ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, nilikaa nikiutazama.

Aliyeiongoza TPH tangu mwaka huo wa 1972 ni Walter Bgoya. Alipotoka, mwaka 1991, alianzisha kampuni yake mwenyewe, ndogo na isiyotegemea serikali: Mkuki na Nyota. Vitabu vyao ndivyo nilivyovifuata leo.

Nimechagua kwa saa mbili nzima. Kijana wa duka aliniletea kigoda bila kuombwa, akaniambia, “Mwalimu, kaa tu, usisome umesimama.” Nimechukua nakala nne za *Vuta N’kuvute* ya Adam Shafi, tatu za *Peponi*, *Wasifu wa Siti binti Saad* na *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* vya Shaaban Robert nakala mbili mbili, na diwani mbili za ushairi: *N’na Kwetu* ya Mohammed Ghassani na *Mwanangu Rudi Nyumbani* ya Dotto Rangimoto. Halafu *Mzee Rukhsa*, maisha ya Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi kwa maneno yake mwenyewe, maana mwalimu mwenzangu wa historia aliniapisha nisirudi bila hicho. Vya watoto wa darasa la chini nimechukua kumi na viwili, vyembamba, vyenye picha za rangi.

Wasifu wa Nyerere, ule wa juzuu tatu ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng’wanza Kamata na kutoka mwaka 2020, niliushika mara mbili. Bei yake ingemeza robo ya bahasha. Niliurudisha rafuni taratibu, na mpaka sasa ninapoandika haya bado unaniuma.

Jioni nilipita Mikocheni, Regent Estate, kwenye Soma, mgahawa wa vitabu unaohusishwa na Demere Kitunga. Yeye na Elieshi Lema ndio walioanzisha E&D, nyumba nyingine ndogo ya uchapishaji. Nilinunua vitatu tu maana fedha ilikuwa inakwisha. Nilikaa barazani nikaandika mgongoni mwa risiti orodha ya vile nilivyoviacha.

Jumanne, baharini na Unguja

Boksi nimeliacha Ilala kwa binamu yangu, limefungwa kwa kamba ya katani. Mimi mtoto wa Muheza, ningelifunga kwa nini kingine? Nimebeba vitabu vinne tu kwenye kikapu, nikapanda boti ya asubuhi. Shangazi yangu wa Kikwajuni ana vitabu vya marehemu mumewe, na ameahidi kuvitoa kwa watoto wa shule.

Njiani nilisoma *Peponi*. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kitabu hiki kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 1994. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakakitoa kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hesabuni wenyewe: kitabu kinachosimulia pwani yetu, misafara yetu, maduka yetu na watoto wetu waliowekwa rehani kwa madeni ya baba zao, kimechukua miaka 28 kuzungumza lugha ya watu waliomo ndani yake. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alichungulia jalada akaniuliza kama ni kitabu cha dini. Nikamwambia ni hadithi. Akaomba nimsomee kidogo, nikamsomea kurasa tatu mpaka tulipoanza kuiona minara ya Mji Mkongwe. Alipokuwa anateremka aliniuliza, “Huyo Yusuf, wanamrudisha kwao?” Sikumjibu. Nilimwandikia jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi akalitia kwenye pochi.

Shangazi alinipokea mlangoni. “Shikamoo shangazi.” “Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Ndiyo kazi ya kubeba vitabu?”

Baada ya chai alifungua kasha. Nilijua nitakuta vitabu vya zamani, lakini sikujua nitakuta *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya mwaka 1978 na *Kuli* ya mwaka 1979, zote za TPH, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Marehemu alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino ukurasa wa kwanza, na chini yake tarehe aliyomaliza kusoma. Niliziweka kitandani, nikaweka na *Vuta N’kuvute* ya mwaka 1999 pembeni. Mwandishi ni yuleyule, Adam Shafi, na mchapishaji ni kama yuleyule pia, maana nyumba ya pili ilizaliwa kwa mikono iliyoijenga ile ya kwanza. *Kuli* inasimulia wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. *Vuta N’kuvute* inaingia miaka ya hamsini, ya siasa za kupigania uhuru. Ukizisoma kwa mpangilio unaiona Zanzibar ikitembea.

Shangazi ndiye aliyenieleza kwa nini mumewe aliandika zile tarehe. “Alikuwa anasoma kwa zamu. Kitabu kimoja, wanaume saba. Kila mmoja na wiki yake.”

Jumatano, Ng’ambo na Fumba

Asubuhi nimetoka Darajani kwa miguu. Jina la Darajani linatokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng’ambo. Maji yalishafukiwa siku nyingi, ikabaki barabara, lakini watu bado wanasema “naenda ng’ambo” kama vile wanavuka. Nilitaka kutembea alikotembea Yasmin, yule binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, akamkimbia, akaenda kuishi kwa Mwajuma huku Ng’ambo, akakutana na Denge na siasa zake. Wanafunzi wangu kadhaa wanamjua Yasmin kwa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, na vijana wengi wa kidato cha tano na sita wamempitia darasani. Kumpitia kwa ajili ya mtihani ni jambo moja. Mimi nataka wamsome usiku, bila maswali mwishoni.

Sehemu kubwa ya Ng’ambo ile ya riwaya imekaliwa sasa na maghorofa marefu ya Michenzani. Vibanda vya udongo na makuti vya akina Mwajuma sikuviona nilikopita. Nilisimama chini ya ghorofa moja, nikafungua ukurasa ambapo Yasmin anafika kwa Mwajuma mara ya kwanza, nikausoma kwa sauti ndogo. Mtaa ule wa zamani ninao humo ndani ya kitabu, na sijui ningeupata wapi kwingine.

Mchana nikapanda daladala ya Fumba. Siti binti Saad alizaliwa huko, kwenye familia ya wafinyanzi, akawa anatembea hadi mjini kuuza vyungu huku akiimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya mwanamke wa shamba ikaenea pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na nadhani ni miongoni mwa mambo ya heshima kubwa kuwahi kufanywa na mwandishi wa Kiswahili: mwanamume mwenye jina, katika zama zile, kukaa chini na kuandika kitabu kizima juu ya mwimbaji mwanamke aliyedharauliwa kwa umaskini wake na sura yake.

Fumba yenyewe sikukaa sana. Nyumba mpya zinajengwa upande mmoja, na upande wa pili bahari imetulia.

Usiku nilimsomea shangazi wasifu huo. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Nilipofika pale watu wa mjini wanapomcheka Siti kwa wimbo juu ya kaniki zake, shangazi alikimalizia kibwagizo kabla sijageuza ukurasa, kwa lahani yake hasa. Kisha akanyamaza. “Mama yangu alikuwa akiimba hivyo akisuka ukili,” akasema. “Sikujua kimeandikwa.” Nilimwachia nakala. Atasomewa na wajukuu.

Alhamisi, barabarani

Siku mbaya. Boti ya asubuhi, mwendokasi hadi Kimara, bajaji hadi Mbezi, na boksi, ambalo binamu alinikabidhi Kivukoni, likawa zito zaidi kwa vitabu vya Unguja nilivyoviongeza. Kwenye basi niliomba likae juu, ndani. Nikaambiwa nafasi ni ya abiria, mizigo yote iende kwenye buti. Nikakubali.

Kibaha, Chalinze, Msata, daraja la Wami, Mkata, Segera. Nimekaa dirishani nikifikiri jambo ambalo limenisumbua tangu Samora. Nyumba ndogo ya uchapishaji haina fedha ya kuchapa nakala nyingi na kuzilaza ghalani. Ikichapa chache, kila nakala inakuwa ghali, na ikichapa nyingi, fedha yake inalala miaka. Zamani vitabu vya kiada ndivyo vilivyolisha riwaya na ushairi. Baada ya mwaka 1991 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kuandaa vitabu vya shule, na faida ya kitabu cha hisabati iliweza kubeba diwani inayouzwa polepole. Mwaka 2013 kazi hiyo ilianza kurudishwa kwa Taasisi ya Elimu, na nyumba ndogo zikabaki na diwani bila kitabu cha hisabati cha kuibeba. Sina ugomvi na watoto wote kutumia kitabu kimoja cha hisabati. Ninachouliza ni nani sasa anayemlipia mshairi wa Morogoro gharama za karatasi.

Lipo na hili: wachapishaji wa Kiafrika, Bgoya akiwa miongoni mwao, walianzisha mwaka 1989 umoja wa kuuza vitabu vyao nje, African Books Collective, wenye makao Oxford. Kwa mpango huo kitabu kinaweza kuchapwa nakala moja moja kadiri mnunuzi anavyoagiza. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu. Lakini maana yake ni kwamba mtu wa Chicago anaagiza *N’na Kwetu* akiwa kitandani kwake na kuletewa mlangoni, wakati mimi wa Muheza, kilomita mia tatu na kitu kutoka Samora, nimechangisha, nimepanda boti na basi.

Tulipofika Tanga buti ikafunguliwa. Juu ya boksi langu palikuwa na ndoo ya samaki wa barafu, na barafu imeyeyuka yote. Boksi lilikuwa laini kama mkate uliochovywa.

Sikusema neno. Nilichukua bajaji, nikaenda moja kwa moja nyumba ya wageni, nikafungua kamba. Vya chini vilikuwa vikavu. Vya juu kumi vimelowa, viwili kati yake vibaya sana: *Vuta N’kuvute* moja na ile *Kuli* ya marehemu. Nimeviweka mbele ya feni, kurasa zimetenganishwa kwa vipande vya karatasi ya chooni, na kila nusu saa naamka kuvigeuza. Wino wa jina la marehemu umechuruzika. Tarehe bado inasomeka.

Ijumaa, Machui

*Kuli* imekauka, imejikunja kama kuni ya mwarobaini, lakini inasomeka yote. Nimeshukuru Mungu.

Leo nimefanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba ya mchango. Nimechukua bodaboda, njia ya Pangani, hadi Machui. Shaaban Robert alizaliwa jirani na hapo, Vibambani, tarehe 1 Januari 1909, na amezikwa Machui baada ya kufariki Juni 1962. Ni mtu aliyefanya kazi ya karani wa forodha miaka mingi huku akiandika usiku. Watu husahau kwamba alikuwa pia mchapishaji wa vitabu vyake mwenyewe: alitoa baadhi ya kazi zake hapa hapa Tanga, chini ya jina la Art and Literature. Kabla hatujapata uhuru, karani wa Tanga alikuwa ameshaamua kwamba kitabu cha Kiswahili hakina lazima ya kwenda London kwanza.

Niliuliza njia kwa mzee aliyekuwa akiparua nazi mlangoni kwake, mjukuu wake wa kike pembeni anaosha vyombo. Nikaamkia. Mzee akanitazama kikapu. “Umekuja na kitabu?” Nikamwambia ndiyo. Akacheka kwa upole. “Wageni wote wanakuja na kitabu. Sisi hapa tuna kaburi.”

Alisimama, akavaa kanzu juu ya shuka, akaniongoza mwenyewe. Mjukuu akatufuata. Kaburini tulisoma Fatiha, kisha tukakaa kando, chini ya mnazi, bila kusema kitu kwa muda. Nilitoa *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Mzee alikishika, akakipindua mbele na nyuma, akaniuliza kama ndani mna yale maneno aliyomuusia binti yake. Nikamfungulia Utenzi wa Hati. Akampa mjukuu.

Yule binti, wa darasa la sita, alianza kusoma haraka haraka kama wanavyosoma ubaoni. Mzee akamsimamisha. “Usikimbie. Huo ni utenzi, kila kipande kina mizani nane. Pumua mwisho wa kipande, usipumue katikati.” Akampigia mizani kwa kidole kwenye goti. Binti akaanza upya. Ubeti wa tatu, wa nne, ikaanza kukaa. Kufikia wa kumi alikuwa hasomi tena, alikuwa anaghani, na kina cha mwisho kikawa kinarudi kwa wakati wake kama wimbi. Ni maneno ya baba kwa binti, na yalikuwa yanasemwa na binti, hatua chache kutoka kwa baba aliyeyaandika. Nimefundisha ushairi miaka kumi na minne. Sijawahi kufundisha vizuri kama mzee yule alivyofundisha kwa kidole kimoja na goti.

Nilipotaka kuondoka binti alinirudishia kitabu kwa mikono miwili. Nikamwambia ni chake. Akamtazama babu. Babu akasema, “Kipokee, useme ahsante, na ukifunike kwa gazeti leo hii.”

Kwa hiyo Muheza itapata nakala moja. Nitawaeleza waliochanga. Naamini watanielewa.

Jumamosi, Muheza

Nimefika saa nne, jua kali, machungwa yamepangwa barabarani kama kawaida. Shule imefungwa, lakini wanafunzi wanane walikuwa wananisubiri kwenye kivuli, na mmoja alikuja kunipokea boksi jipya nililonunua Tanga. “Shikamoo, Madam. Ni yote haya?”

Tumevipanga. Vitabu 41, vya Samora, vya Mikocheni na vya kasha la Kikwajuni. Niliwaonyesha kwanza ukurasa ule ambao hawaufunguagi, wa nyuma ya jina la kitabu: nani kachapa, mwaka gani, mji gani. Nikawafundisha kusoma ISBN. Baada ya 978, ukikuta 9976 au 9987, ujue kitabu kimesajiliwa Tanzania. Wakaanza kupekua kimoja kimoja wakiita kwa sauti, “Hiki cha kwetu! Hiki cha kwetu!” Kijana mmoja alikimbia nje, akarudi na daftari la mazoezi lenye jalada la kiwandani, akauliza kama nalo lina namba. Nikamwambia daftari halina, mpaka mtu aliandikie kitabu ndani yake.

Tumefungua rejesta ya kuazima. Nimeifuata kanuni ya wanaume saba wa Unguja: kitabu kimoja wiki moja, na ukimaliza unaandika tarehe ukurasa wa mwisho kwa penseli.

Niliiweka kando ile *Vuta N’kuvute* iliyolowa, nikidhani hakuna atakayeitaka. Imevimba na haifungiki, na inanuka samaki kidogo. Msichana wa kidato cha tatu aliichukua hiyo hiyo, ingawa nzima tatu zilikuwepo.

“Kwa nini hiyo?”

“Madam, hizo zitaombwa na wengi. Hii nitaachiwa niimalize.”

Akaokota kamba ya katani niliyoikata kwenye boksi, akakizungusha kitabu mara mbili, akafunga fundo, akaandika jina lake kwenye rejesta, mstari wa kwanza.